Isikilizeni Injini Kabla ya Kutoka Lodwar
(Mazungumzo kwa madereva na wenye magari)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau kwa sababu ni dogo. Ni ile sauti nyembamba, mfano wa kilio cha kifaranga, itokayo chini ya boneti wakati gari limesimama na injini inazunguka pole pole. Dereva akikanyaga mafuta, mara nyingi sauti hupotea, akiachilia, hurudi. Basi yeye husema, "Si kitu, gari likienda litanyamaza." Na kweli hunyamaza, lakini kunyamaza si kupona.

Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sauti hiyo husema habari ya kitu kilichochakaa, au kilicholegea, au kilichokauka mafuta. Yafaa itafutwe mpaka ionekane inakotoka. Kazi hiyo haitaki mali nyingi wala mitambo mikubwa. Yataka utaratibu, masikio na subira. Katika jambo la masikio, watu wa Turkana hawahitaji mwalimu. Mchungaji hutambua kikohozi cha mbuzi mmoja kati ya mbuzi wengi, akajua ni yupi mgonjwa kabla hajamwona. Motokaa nayo yataka kusikilizwa vivyo hivyo.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa hapa kuliko mahali pengine. Mkanda wa injini ukikatika katikati ya mji wa Nairobi, dereva hushuka, akaenda dukani kwa miguu. Hapa sivyo. Toka Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Sehemu kubwa ya barabara hii imetiwa lami upya katika miaka ya karibuni, lakini lami haikupunguza ukali wa jua. Mchana joto la Lodwar hufika nyuzi 35 za Selsiasi na hata kupita, na mvua ya mwaka mzima, kwa wastani, ni kama milimita 200 tu. Ukikwama katikati ya njia, karakana iko mbali, kivuli ni haba, na maji yaliyopo yanangojewa na watu na mifugo yao. Tena tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992, na baadaye makazi ya Kalobeyei, magari yamezidi sana: malori ya chakula, magari ya abiria, na magari ya wagonjwa yanayokwenda hospitali ya Lodwar. Mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja kando ya barabara mpaka mkanda uletwe kutoka Kitale au Eldoret.

Sasa tutazame kazi ya mkanda. Mbele ya injini kuna puli kubwa inayozungushwa na krenki. Juu ya puli hiyo hupita mkanda wa mpira, na mkanda huo huzungusha mitambo mingine: alteneta itiayo umeme katika betri, pampu inayosaidia usukani, kompresa ya kipoza hewa, na katika magari mengi, pampu ya maji yenyewe. Katika malori na magari mengi ya kazi, feni nayo huzungushwa na mkanda. Basi mkanda ukikatika, betri haipati umeme, na maji hayazunguki tena katika injini. Injini huchemka kwa muda wa dakika chache, na kichwa chake chaweza kupinda. Mkanda wa bei ndogo umeua injini nzima.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini sauti husikika zaidi gari likiwa limesimama? Sababu ni kwamba injini ikizunguka pole pole, mara 700 au 800 hivi kwa dakika, mzunguko wake si laini. Kila silinda inapowaka huipa krenki msukumo, kisha mwendo hupungua kidogo kabla ya msukumo wa pili. Mkanda huvutwa na kuachiliwa, huvutwa na kuachiliwa. Ikiwa umelegea au umechakaa, hapo ndipo huteleza na kulia. Tena ni wakati huo huo ambao kipoza hewa, taa na feni za umeme huidai alteneta umeme mwingi, hali inazunguka pole pole. Madereva wengi huacha injini ikizunguka kwa muda mrefu wakingoja abiria au mizigo, na vumbi letu husaga mpira na puli kama msasa. Hizo ndizo sababu za kilio hicho.

Basi tuje katika kazi ya kutafuta. Nawasihi msianze kwa kununua vipuri. Wako watu ambao leo hununua mkanda, kesho alteneta, kesho kutwa pampu, na sauti ingali palepale. Fuateni hatua hizi kwa taratibu.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza na kukumbuka. Sauti huja lini? Je, ni asubuhi tu injini ikiwa baridi? Washa taa zote na feni ya ndani. Ikiwa kilio kinazidi, shaka yaelekea mkanda na alteneta. Washa kipoza hewa kisha kizime. Ikiwa sauti hubadilika, tazama kompresa. Zungusha usukani mpaka mwisho kwa muda mfupi. Ikiwa hulia hapo, tazama pampu ya usukani na mkanda wake. Andika unayoyasikia, kwa maana fundi akipata habari kamili hupunguza kazi ya kubahatisha.

Hatua ya pili ni kutazama kwa macho. Zima injini, ondoa ufunguo, na ungoje ipoe. Tazama mkanda pande zote. Mikanda ya zamani ikichakaa huonyesha nyufa nyingi. Mikanda mingi ya siku hizi, yenye mifereji midogo, haipasuki upesi hivyo. Huliwa pole pole kama tairi, na mifereji hupanuka. Kwa hivyo mkanda usio na ufa waweza kuwa umekwisha. Tazama pia kama kingo zinachanika, kama upande mmoja unang'aa kama kioo, na kama una mafuta yaliyovuja. Katika magari ya zamani yenye mkanda mmoja mmoja wa feni, sukuma mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa kawaida hubonyea kama nusu inchi. Ukizidi sana umelegea. Usipobonyea umekazwa mno, nao utaharibu beringi.

Hatua ya tatu ni jaribio la maji. Washa injini, simama mbali na feni, kisha nyunyizia maji kidogo tu upande wa ndani wa mkanda, ule wenye mifereji, ukiyaepusha na alteneta na nyaya. Sikiliza. Ikiwa sauti imezidi, mkanda unateleza. Huenda umelegea au kile kifaa cha kuukaza kimechoka. Ikiwa sauti imepotea kwa muda mfupi kisha imerudi, huenda puli hazikukaa katika mstari mmoja, au mkanda umechakaa. Ikiwa haikubadilika hata kidogo, basi elekea kwenye beringi.

Hatua ya nne hutenganisha mambo mawili. Zima injini, ondoa mkanda, kisha washa injini kwa nusu dakika tu, isizidi, kwa sababu huenda pampu ya maji haizunguki. Ikiwa sauti imekwisha, kosa liko katika mkanda au katika kimojawapo cha vitu unavyovizungusha. Zima tena, kisha zungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya moja. Puli nzima huzunguka laini na kimya. Ile inayokwaruza kama ina mchanga ndani, au inayochezacheza ukiitikisa, beringi yake imekufa. Chini ya pampu ya maji pana kitundu kidogo. Ukiona alama za maji yaliyokauka hapo, pampu hiyo yataka kubadilishwa kabla ya safari, si baada yake.

Lakini ikiwa mkanda umeondolewa na kilio kingalipo, usiulaumu mkanda. Sauti yatoka ndani, na mara nyingi ni hewa inayopita mahali isipostahili kupita. Injini huvuta hewa kwa nguvu. Pakiwa na ufa katika mpira wa hewa au gasketi iliyopasuka, hewa hupiga mluzi. Rudisha mkanda mahali pake, washa injini, kisha fungua pole pole kifuniko cha kutilia mafuta ya injini. Ikiwa mluzi umekoma hapo hapo, yaelekea ile valvu ya kupumulia injini imepasuka, au sili imechoka. Ikiwa sauti haionyeshi mahali pake kabisa, chukua mpira mwembamba wa maji, weka ncha moja karibu na sikio, na upitishe ncha ya pili karibu na kila mahali unapopashuku. Daktari naye husikiliza kifua namna hiyo hiyo.

Sasa niseme habari ya hatari. Usiiname juu ya injini inayozunguka ukiwa na shuka iliyolegea, shanga ndefu au kitambaa cha shingoni. Mkanda hauchagui, ukinasa nguo huvuta na mtu. Feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hivyo ufunguo uwe mfukoni mwako. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, kwa maana maji yale huruka na kuunguza uso.

Tena kuna dawa za uongo. Wako wanaopaka mkanda sabuni, mafuta ya injini au mafuta ya taa. Sauti hunyamaza, na dereva hufurahi. Lakini mafuta huulainisha mpira na kuuharibu, na mkanda huzidi kuteleza. Kufanya hivyo ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo asilie, ukasema amepona. Wengine wamezoea kufunga kipande cha mpira wa tairi mahali pa mkanda uliokatika. Katika magari ya zamani yenye puli za shimo moja, hila hiyo iliweza kumsogeza mtu kidogo. Katika magari ya leo, yenye mkanda mmoja mrefu unaozunguka puli nyingi, haifai.

Na ikiwa mkanda umekatika njiani? Utajua kwa taa ya betri kuwaka, usukani kuwa mzito, na kipimo cha joto kupanda. Simama mara moja mahali salama. Usiseme, "Kakuma ni karibu, nitafika." Zima injini, shusha abiria uwapeleke kivulini, na maji mliyobeba yawe kwanza ya watu. Gari lisafirilo njia hii lichukue mkanda wa akiba wa namba yake hasa, spana za kuutia, tochi, na maji ya kunywa mbali na maji ya rejeta. Mkanda wa zamani ulioondolewa ungali mzima usitupwe. Uwekwe chini ya kiti.

Mwisho nina neno kwa wenye magari. Mara nyingi dereva huisikia sauti siku nyingi kabla ya ajali, lakini hunyamaza. Kwa nini? Kwa sababu anajua akisema ataulizwa, "Umeliharibu gari langu?" na huenda akakatwa mshahara. Tajiri wa namna hiyo hujifunga macho mwenyewe. Mpeni dereva nafasi ya kusema bila kuogopa, na nusu saa ya kulitazama gari kabla ya kutoka. Nanyi madereva, fundi akibadilisha kitu, mwombeni awaonyeshe kile cha zamani na awaeleze kosa lake. Fundi mwema hataona haya kuonyesha kazi yake.

Basi, kesho asubuhi, kabla abiria hawajapanda, fungueni boneti na msikilize kwa dakika tano. Dakika hizo mtazitoa hapa Lodwar, kwenye kivuli, karibu na maduka. Msipozitoa hapa, njia itazidai penye jua, nayo haitadai dakika tano.