Oda Moja, Namba Moja: Programu za Stoo na Mfumo wa Kuagiza Dawa

Maelezo ya mada iliyowasilishwa mbele ya Waganga Wafawidhi, wafamasia na maofisa TEHAMA wa Halmashauri



Mhudumu wa zahanati anabonyeza kitufe cha kutuma oda ya dawa. Duara kwenye kioo cha kompyuta linazunguka dakika nzima, kisha yanatokea maneno kwamba muunganisho umekatika. Hapo linabaki swali moja: je, oda imefika? Asipotuma tena, huenda mwezi ujao mzazi akamleta mtoto mwenye malaria na kukuta kabati la dawa mseto ni tupu. Akituma tena, huenda zikapokelewa oda mbili, na fedha za kituo zikaishia kwenye maboksi ambayo muda wake wa matumizi utapita yakiwa bado yamefungwa.

Mada hii inahusu swali hilo, ingawa jina lake la kitaalamu linasikika mbali na zahanati: matumizi ya maktaba ya programu katika kuufikia mfumo wa akiba na oda.

Kwanza, njia yenyewe. Kwa zaidi ya miaka kumi vituo vya afya nchini vimekuwa vikiagiza bidhaa kupitia mfumo wa eLMIS, ambao umejengwa juu ya OpenLMIS, programu huria inayotumiwa na nchi kadhaa za Afrika. Kituo huandaa taarifa na maombi, ngazi ya wilaya huyapitia na kuyaidhinisha, kisha oda huelekea Bohari ya Dawa, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Mhudumu anaweza kufanya kazi hiyo kwa mkono, akijaza kisanduku kimoja baada ya kingine katika tovuti. Lakini kituo ambacho tayari kina programu yake ya stoo hakina sababu ya kuandika takwimu zilezile mara mbili. Programu hiyo inaweza kuzungumza na mfumo mkuu moja kwa moja kupitia kiolesura cha programu, ambacho mafundi hukiita API. Hicho ni mlango ambao mifumo miwili hupitishiana ujumbe na majibu kwa kanuni zinazojulikana, bila mtu kukaa katikati.

Kuuandika kila ujumbe wa namna hiyo tangu mwanzo ni kazi ndefu na yenye makosa mengi. Ndiyo maana huwepo maktaba ya programu: mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambao fundi huuweka ndani ya programu ya stoo. Badala ya kupanga anwani, vichwa vya ujumbe na nenosiri kwa mkono, fundi huandika amri fupi ya kuleta orodha ya dawa, kusoma salio au kuwasilisha oda, na maktaba hufanya yaliyobaki. Mfano wake ni tarishi anayejua ofisi zote, mihuri yote na saa za kufungua milango. Hata hivyo tarishi haandiki barua, na hajui kama kilichomo ni kweli.

Baadhi ya kazi za tarishi huyo hazihitaji maelezo marefu. Maktaba huomba tokeni ya kuingilia na kuibadilisha muda wake unapokwisha. Huduma ikijibu kwa namba 401, maana yake ni kwamba utambulisho haukukubaliwa. Hilo si jambo la kurudia mara hamsini, bali la kupatiwa tokeni mpya mara moja, na ikishindikana mtu aitwe. Nenosiri la kituo lisiandikwe ndani ya msimbo, wala lisisambazwe katika makundi ya simu, jambo ambalo kila mtu hulikubali kikaoni na si kila mtu hulitekeleza. Maktaba pia hupokea orodha ndefu kwa kurasa. Fundi akisahau kuomba ukurasa wa pili, mfamasia ataambiwa dawa fulani haimo katika orodha ilhali imo, ila ipo ukurasa unaofuata.

Jambo zito ni lile la muunganisho kukatika. Ujumbe unaweza kupotea ukienda, na jibu linaweza kupotea likirudi. Kwa aliyeketi mbele ya kompyuta hali hizo mbili zinafanana kabisa: kimya. Lakini katika hali ya kwanza oda haipo, na katika ya pili oda ipo tayari kwenye kanzidata ya mfumo mkuu. Kanuni za HTTP, zilizochapishwa upya mwaka 2022, zimetenganisha aina za ujumbe kwa kigezo hicho. Ujumbe wa GET, wa kusoma, unaweza kurudiwa bila madhara. Ujumbe wa PUT, wa kuweka kitu mahali panapojulikana, ukirudiwa mara tatu huacha matokeo yaleyale ya mara moja. Ujumbe wa POST, ambao mara nyingi ndio hutumika kuanzisha kitu kipya, hauna dhamana hiyo: ukirudiwa, unaweza kuzaa kitu cha pili.

Kwa hiyo maktaba isiruhusiwe kurudia kila kitu kwa bidii tu. Dawa ya tatizo hili ni namba ya kumbukumbu inayotengenezwa na programu ya kituo kabla oda haijaondoka, na kuhifadhiwa kwenye diski ya kituo. Oda ikitumwa, namba huenda nayo. Mtandao ukikatika, oda hutumwa tena ikiwa na namba ileile, na mfumo unaopokea hutambua kwamba huyu ndiye mgeni wa jana. Hujibu kwa oda iliyopo, au kwa namba 409 inayoonyesha mgongano, wala haufungui oda nyingine. Kosa linaloonekana dogo, lakini huvunja mpango wote, ni kutengeneza namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa. Namba iwe ya oda, si ya jaribio. Tena kabla ya kuutegemea mpango huo, maofisa TEHAMA wahakikishe kwamba mfumo unaopokea kweli unaichunguza namba hiyo, kwa kutuma oda moja mara mbili katika mazingira ya majaribio na kuhesabu zilizoonekana upande wa pili.

Zipo pia nyakati ambazo mfumo mkuu hujibu waziwazi kwamba umelemewa, kwa namba 429 au 503, na pengine hutaja muda wa kusubiri. Maktaba nzuri hutii. Husubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na huongeza kidogo cha kubahatisha ili vituo vyote visirudi kwa pamoja. Jioni ya siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi kila kituo huwa mlangoni. Programu zikigonga zote kwa sekunde moja, ni zenyewe zinazouzuia mlango usifunguke.

Sasa yafaa kuingia stoo, kwa sababu huko ndiko tarishi hafiki. Ichukuliwe zahanati moja ya mfano katika kipindi cha miezi miwili. Salio la mwanzo la dawa mseto lilikuwa dozi 120, zikapokelewa 300, zikatumika 340, na 10 zikaharibika. Salio ni 70. Matumizi ya mwezi ni dozi 170. Kiwango cha juu kikiwa akiba ya miezi 4, zahanati inahitaji dozi 680, na ikitoa 70 zilizopo itaagiza 610. Hesabu ni safi, na maktaba itaipeleka salama.

Lakini tuseme zahanati hiyo ilikaa siku 20 kati ya 60 bila dawa mseto hata moja. Zile 340 zilitumika kwa siku 40 tu. Mahitaji halisi ya siku 60 yangekuwa 510, yaani 255 kwa mwezi, na oda sahihi ingekuwa 950. Tofauti ni dozi 340: wagonjwa 340 ambao mfumo hauwezi kuwaona kama hakuna aliyejaza kisanduku cha siku za kukosa dawa.

Na hapa maktaba yenyewe inaweza kuleta madhara bila kukusudia. Kisanduku kilichoachwa wazi na kisanduku chenye sifuri si kitu kimoja. Wazi maana yake hakuna aliyejibu, na sifuri maana yake mtu amethibitisha kwamba dawa haikukosekana hata siku moja. Zipo maktaba ambazo, zikikuta nafasi tupu, huijaza sifuri kwa wepesi wa kazi. Programu ya kituo haina budi kuizuia tabia hiyo: nafasi ikiwa tupu, oda isiondoke, na mhudumu aulizwe. Usumbufu wa swali hilo ni mdogo kuliko oda pungufu inayojirudia kipindi baada ya kipindi, kwa kuwa matumizi madogo ya leo ndiyo yatakayokuwa msingi wa kukadiria mahitaji ya kesho.

Tarehe nazo zina mtego wake. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Oda iliyofungwa saa saba usiku tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha ukiwa umekwisha kuingia, kwa UTC ni ya saa nne usiku tarehe 30 Juni. Maktaba isipoelezwa ukanda wa saa, taarifa huangukia kipindi kilichofungwa, na mhasibu wa kituo hushangaa fedha zilikokwenda. Ushauri wa kutofanya kazi usiku hautoshi, maana katika vijiji vingine usiku ndio mtandao hupatikana.

Kuhusu utaratibu wa kazi, kioo cha programu ya stoo kionyeshe hali tatu zilizo wazi, kwa Kiswahili: imepokelewa, imekataliwa, haijulikani. Hali ya tatu isifichwe chini ya maneno ya jumla kama "hitilafu imetokea", kwa kuwa hayamwambii mhudumu afanye nini. Oda ikiwa haijulikani, programu yenyewe iulize mfumo mkuu kwa namba ya kumbukumbu pindi mtandao unaporudi. Katika muda huo kitufe cha kuanzisha oda mpya ya kipindi hicho kifungwe.

Umeme ukikatika au kompyuta ikiharibika kabla jibu halijapatikana, mhudumu hatakiwi kukisia. Namba ya kumbukumbu iwe imeandikwa pia katika leja ya stoo, kwa kalamu, mkabala na tarehe ya oda. Kwa namba hiyo mfamasia wa wilaya ataitafuta oda katika orodha ya zinazosubiri idhini. Ikionekana, ataendelea nayo. Isipoonekana, atakiarifu kituo kitume upya kwa namba ileile, hata kama kitatumia kompyuta ya kituo jirani. Zoezi hilo litaanza na vituo vyenye programu ya stoo inayofanya kazi, na vituo vinavyojaza fomu za karatasi vitaendelea nazo kama kawaida hadi leja zao zitakapolingana na kilichomo kwenye rafu.