Tushushe Mizizi Leo
Somo: Yeremia 17:5-8

Wakati wa kiangazi twauona mgunga umesimama na majani mabichi kando ya mto uliokauka. Wanywa maji wapi? Mche wake uotapo baada ya mvua, hushusha mzizi kwanza, upesi, udongo ungali na unyevu. Juu ya ardhi waonekana mdogo tu. Huko Kalahari, nchini Botswana, waliochimba kisima waliukuta mzizi wa mti mita 68 chini.

Lakini sisi, mvua ikinyesha twasahau kuomba. Ng'ombe wakianza kufa ndipo twaitafuta Biblia, na udongo wa mioyo yetu umekwisha kuwa mgumu. Ndugu, tushushe mizizi leo, kungali na unyevu. Mungu atusaidie. Amina.