Kutapika Baada ya Kupasuliwa Kwaweza Kuzuiwa



Wako watu katika Kebirigo na vilima vya jirani wasioogopa kisu cha daktari kama waogopavyo saa zifuatazo, mgonjwa azindukapo katika usingizi wa nusu kaputi na kuanza kutapika. Mtu aliyeteswa hivyo mara moja huweza kukataa kupasuliwa mara ya pili, hata kama ngiri yake yazidi kukua.

Jambo hili si geni. Etha ilipotumiwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwezi wa Oktoba 1846, ulimwengu ulipata njia ya kupasua bila maumivu. Lakini wagonjwa wa etha walitapika sana. Dawa za siku hizi ni afadhali, ila bado, pasipo kinga, wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 hutapika, na walio wengi zaidi hushikwa na kichefuchefu.

Wapo wasemao ni heri mgonjwa atapike ili dawa imtoke. Sivyo. Hewa ya usingizi hutoka kwa pumzi, na dawa nyingine huondolewa na ini na figo. Kutapika humpotezea mgonjwa maji na kuvuta nyuzi za jeraha. Na matapishi yakimwingia mapafuni angali amelewa usingizi, yaweza kumwua.

Mwaka 1999 daktari Christian Apfel na wenzake walionyesha alama nne za kumtambua mtu mzima aliye hatarini: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya kupasuliwa, au kuchafukwa na moyo safarini, na kuhitaji baadaye dawa kali za maumivu kama mofini. (Habari ya sigara isichukuliwe kuwa sifa yake, kwa maana mapafu ya mvutaji humpa daktari wa usingizi taabu nyingine.) Mwenye alama moja, hatari yake ni kama 20 katika 100, mwenye zote nne, kama 80.

Basi mama mchuma majani chai, asiyevuta sigara, na ambaye kila apandapo matatu kwenda Kisii huomba kuketi dirishani, ana alama tatu kabla hajafika kwenye chumba cha upasuaji. Hatari yake ni 60 katika 100. Huenda akaona haya kutaja habari za matatu mbele ya daktari, lakini hilo ndilo neno ambalo daktari wa usingizi ahitaji kulisikia.

Dawa zipo. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2004, wa wagonjwa zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba ondansetroni hupunguza hatari kwa kadiri ya robo, na deksamethasoni vivyo hivyo. Zikitolewa pamoja, kila moja hupunguza robo ya ile iliyobaki: yaani 60 huwa 45, na 45 huwa kama 34. Deksamethasoni hutiwa mshipani mwanzoni, na ondansetroni karibu na mwisho wa kazi. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo yampasa aseme mapema, ili daktari achague ifaayo. Sindano ya metoklopramidi ya miligramu 10, iliyozoeleka sana, kinga yake ni hafifu. Na kungoja mpaka mgonjwa aanze kutapika ndipo itafutwe dawa ni kuchelewa.

Pengine nusu kaputi yaweza kuepukwa, mgonjwa akichomwa sindano ya mgongoni. Mama ajifunguaye kwa kupasuliwa kwa njia hiyo akihisi kichefuchefu ghafula aseme papo hapo, kwani mara nyingi ni shinikizo la damu lililoshuka, nalo lina dawa yake.

Tena kuna habari ya chai. Chai ya maziwa ni chakula, na uji wa wimbi pia. Muda wa saa 6 kabla ya nusu kaputi visiguswe, hata kama shangazi amevileta kwa upendo. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zimebaki saa 2, hospitali ikikubali.

Arudipo nyumbani mgonjwa anywe kidogo kidogo, asilazimishwe kula. Lakini akitapika bila kukoma, au tumbo likivimba, au matapishi yakiwa ya kijani, hiyo si kazi ya dawa ya usingizi tena. Arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo.