Wema wa Watu Wasiotujua
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumeombwa tuseme machache juu ya malezi ya watoto katika nyumba ambayo baba haoni na mama hutembea kwa magongo. Nyumba hiyo ni yetu. Tutasema kama mtu mmoja, kwa kuwa na kazi yenyewe twaifanya hivyo: huyu ana miguu, yule ana macho.

Kila Mgusii ajua msaada wa jamaa na jirani. Katika egesangio mtu humlimia mwenziwe akijua kuwa zamu yake itafika. Twaushukuru sana msaada huo, lakini una madai yake. Mwana wetu wa kwanza alipozaliwa, jamaa walikaa wakashauriana apelekwe kwa nyanya yake. Shauri hilo lilitolewa kwa upendo. Ila sisi hatukuulizwa. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, yaliyopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008, yakataza katika kifungu cha 23 mtoto kutengwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wao. Siku ile hakuna aliyeyataja. Tulikataa tu, na mtoto akabaki kwetu.

Kukataa ni rahisi. Kulea ndiko kazi. Na hapo ndipo walipotokea watu ambao hatukuwa na haki ya kuwadai chochote.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda pale Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zinagawana. Mtoto alipaswa kuchanjwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, na ilikuwa majira ya mvua. Mwenye kuijua milima yetu ajua gongo linavyoteleza katika udongo ule. Tulipofika kliniki, watu wawili watatu walikimbilia kumpokea mtoto, wakamwachia mama magongo yake. Kijana yule alichukua magongo, akamwachia mama mtoto wake. Alimsikia muuguzi akitaja tarehe ya kurudi. Wiki ya 10 ilipotimia tulimkuta amesimama njiani kwetu kabla hatujamwita, na wiki ya 14 vivyo hivyo. Alitoza nauli ile ile ya watu wote, nasi tulimshukuru hata kwa hilo.

Wa pili alikuwa mama muuza ndizi katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Wakati huo mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Mama huyo alimtazama kitambo, kisha akamwuliza baba, "Tata, huyu akinyamaza, wajuaje alipo?" Swali hilo hasa ndilo lililokuwa likitunyima usingizi, na hakuna jamaa aliyewahi kutuuliza. Siku ya soko iliyofuata alitukabidhi njuga mbili ndogo, zimeshonwa katika utepe wa kitambaa, tumfunge mtoto mguuni. Tangu hapo baba alimsikia chini ya kitanda, karibu na jiko, hata migombani. Pesa hakutupa. Twalitaja hili makusudi, kwa maana wengi hututia sarafu mkononi mbele ya mtoto, na mtoto yuaona.

Wazee wetu, hatukuja kuomba blanketi wala sukari. Wako wanaohitaji kuliko sisi. Ombi letu ni dogo. Katika daftari ya chama watoto wetu wawili wameandikwa chini ya jina la babu yao, kana kwamba yeye ndiye awaleaye. Twaomba, kabla taarifa ya mwaka ujao haijapigwa chapa, waandikwe chini ya majina yetu. Ada yetu ya mwaka huu tumekwisha kuilipa kwa Mweka Hazina.