Akili yetu na neno la kumi na tatu

 Wewe unayesoma haya kwenye karatasi kwa sababu mawe ya redio yako yamekwisha, karibu.

Leo tunaanza na mchezo. Nitataja maneno kumi na mawili. Sikiliza tu, usiandike. Wewe msomaji, soma mara moja, polepole: kitanda, mto, shuka, blanketi, usiku, ndoto, kukoroma, mkeka, miayo, uchovu, kuamka, chandarua.

Haya. Yaache hapo. Tutarudi kwake mbele kidogo, na tafadhali, wewe mwenye karatasi, usirudishe macho juu.

Somo letu lina jina refu: kognitivisimu. Usitishwe na jina. Ni namna moja ya kueleza akili ya mtu inavyofanya kazi, na ilizaliwa katika mabishano. Mwaka 1913 mtaalamu wa Marekani, John Watson, alisema elimu ya akili iache kuchungulia ndani ya mtu, kwa sababu ndani hakuonekani. Ipime yale yanayoonekana tu: ni kitu gani kimemgusa mtu, naye ametenda nini. Baada yake B. F. Skinner akafundisha njiwa na panya kwa zawadi za chakula, na kwa kweli walifundishika. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vikaamini kwamba mtu naye ni hivyo hivyo: rudilia, mpe zawadi, mpe fimbo, atafuata. (Nawajua wakubwa wengi ambao mpaka leo wanaongoza nyumba zao kwa elimu hiyo ya njiwa.)

Halafu maswali yakaanza. Mwaka 1956 George Miller alionyesha kwamba mtu akisikia mambo mengi kwa mara moja, anaweza kushika karibu saba tu. Kwa hiyo ndani kuna kazi ya kupanga na kufungia mambo pamoja, kama mama anavyofunga mboga mafungu mafungu sokoni. Mwaka 1959 Noam Chomsky aliuliza: kama mtoto anajifunza lugha kwa kurudilia tu, mbona anasema maneno marefu ambayo hakuyasikia kwa mtu yeyote? Mwaka 1967 Ulric Neisser akatoa kitabu kilichoipa elimu hii jina lake. Kwa kifupi wanasema hivi: kati ya jambo linalomfikia mtu na tendo analolitenda, kuna kazi kubwa ndani. Akili inachagua, inalinganisha na yale iliyokwisha kuyajua, na pale pasipoonekana inajaza yenyewe.

Utaniuliza: hayo yanahusu amani namna gani?

Mimi nilisoma sheria. Katika sheria ya adhabu ya Kongo kuna adhabu kwa mtu anayeeneza, kwa kujua, uvumi wa uongo wenye kuwatia raia hofu. Angalia neno lile: kwa kujua. Sheria inamtafuta mwongo. Lakini katika kuzunguka vijijini na mafundisho haya nimekutana na waongo wachache kuliko nilivyotazamia. Wengi walioleta habari ya uongo waliapa kwa Mungu, na walikuwa wanaiamini. Sheria yangu haikunipa neno la kumwita mtu wa namna hiyo.

Sasa turudi kwenye mchezo wetu. Jibu upesi. Je, nilitaja ndoto? Nilitaja kukoroma? Nilitaja usingizi?

Kama umejibu ndiyo mara tatu, usione haya. Usingizi sikuutaja. Sasa unaweza kurudisha macho juu, uhakikishe. Mwaka 1995 Henry Roediger na Kathleen McDermott wa Marekani walitangaza utafiti wa mchezo kama huu, na watu wengi walisema ndiyo, tena kwa uhakika, kama wanaosikia bado sauti ya msomaji. Hakuna aliyewadanganya. Maneno yote waliyosomewa yalikuwa ya kweli. Neno lililozidi waliliweka wao wenyewe, kwa sababu lilifaa kuwa pale. Wewe ulipewa kumi na mawili, ukaongeza la kumi na tatu.

Na mtu mwingine anaweza kukusaidia kuliongeza, kwa namna anavyokuuliza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha wanafunzi filamu ya magari yanayogongana. Kundi la watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mbio gani yalipogongana. Wengine 50 waliulizwa yalikuwa na mbio gani yalipopondana. Neno moja tu lilibadilishwa. Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Wa kwanza, 7 walisema waliona. Wa pili, 16. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Mimi niliposoma habari hiyo nilikumbuka namna tunavyowauliza watu waliokimbia vita. Mama anafika, mtoto mgongoni, hata maji hajanywa, nasi tunamzunguka: «Wale washambulizi walikuwa wa kabila gani?» Yeye hakusema washambulizi, hakusema kabila. Sisi ndio tumempa maneno yale, na kesho ataturudishia, nasi tutasema ni shahidi aliyeona kwa macho yake.

Nataka tukae kidogo juu ya jambo ambalo watu wa Kivu ya Kaskazini wanalijua vizuri. Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia upande wa Beni. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa usiku tangu mwezi wa kumi mwaka 2014. Walikuwa wameomba ulinzi mpaka sauti zikakauka. Ghafla wakaona magari mengi, pesa nyingi, wageni waliojifunika mwili wote, wakichukua wagonjwa na kuzika wafu. Mwishoni mwa mwaka ule tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima. Watangoje mwezi wa tatu mwaka 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Mwezi wa kwanza, kabla wao hawajapiga kura, rais mpya akaapishwa.

Yapange mambo hayo kama nilivyopanga kitanda, mto na shuka. Kila moja ni kweli. Hakuna uvumi ndani yake. Na akili ya mtu aliyefiwa na ndugu zake ikasikia neno la kumi na tatu: ugonjwa huu umeletwa ili tumalizwe. Redio trotuari ikalichukua. Vijana wenye hasira walishambulia kituo cha Ebola huko Beni kesho yake ya tangazo la uchaguzi. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Na ugonjwa ulikuwa wa kweli. Mpaka siku ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2.200.

Wengine waliwaita watu wale wajinga. Mimi nakataa. Mjinga hana habari. Wao walikuwa na habari nyingi mno, na zote zilielekea upande mmoja. Kosa lilikuwa pia kwa waliokuja kufundisha, walioshika megafoni na kurudilia «Ebola iko, Ebola iko», kama Skinner na njiwa zake, wakifikiri kichwa cha mtu ni bakuli tupu. Kichwa kile kilikuwa kimejaa tayari. Mtu aliyepona, anayejulikana kwa jina katika mtaa, akirudi na kuwalea watoto wa wagonjwa, huyo hakuhitaji megafoni.

Sasa, tufanye nini sisi wa baraza na wa kamati za amani? Nitaeleza nilichokiona, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mama mmoja alishuka kutoka shambani akilia kwamba watu wanne wenye bunduki wanateremka mlimani. Saa ileile vijana walikusanyika na mapanga, na kila mmoja alijua ni nyumba zipi za jirani zitakazolipa. Mzee wa kijiji aliagiza kwanza maji. Mama akanywa. Kisha mzee akamwambia mwandishi achore mstari katikati ya karatasi: upande mmoja «niliyoyaona», upande wa pili «niliyoyasikia au niliyoyawaza». Hakumwuliza walikuwa adui gani. Alimwuliza: «Mama, ulikuwa unafanya nini? Halafu?» Na tena: «Halafu?»

Ilichukua karibu saa moja, na vijana walinung'unika sana. Upande wa kwanza uliandikwa mistari mitatu: watu wawili, mbali, kila mmoja na kitu kirefu begani. Bunduki ilikuwa upande wa pili. Hesabu ya nne ilikuwa upande wa pili, imetoka kwa jirani aliyekutana naye njiani. Kabila lilikuwa upande wa pili. Mzee aliwasomea vijana karatasi yote kwa sauti, mara mbili, halafu akatuma watu watatu, mmoja wao wa nyumba zile zilizokuwa zinatazamwa, waende kuangalia njia ya mlimani. Walirudi kabla ya giza pamoja na wapasuaji mbao wawili, na misumeno yao.

Mafundisho haya yatarudiliwa Jumamosi asubuhi, baada ya habari.