MAZUNGUMZO: SIRI YA DAFTARI NI AMANI YA RAIA



Amani haivunjwi kwa bunduki peke yake. Mara nyingine huanza kuvunjika pale orodha ya majina inapoangukia mikononi mwa wasiostahiki kuiona.

Wakaazi wa Katumba na Mishamo, makaazi yaliyoanzishwa katika Wilaya ya Mpanda ambayo sasa yamo katika Mkoa wa Katavi, wanalifahamu jambo hilo. Wengi wao ni watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Katika mauaji ya mwaka huo, walimu, wanafunzi na watumishi waliitwa kwa majina, wakachukuliwa wasirudi tena. Katika Rwanda, jirani ya Burundi, mwaka 1994 kitambulisho chenye kabila la mwenyewe kilitosha kumuuza mtu kwa wauaji kwenye kizuizi cha barabarani. Kabila hilo lilianza kuandikwa miaka ya 1930, zama za Wabelgiji, kwa kazi za utawala. Kalamu ilitangulia, panga likafuata.

Hata hivyo, mkimbizi hana budi kuandikishwa ili apate hifadhi na haki zake. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972, kazi isiyowezekana bila ya kumbukumbu. Suala basi si kuacha kuandika, bali ni kuhifadhi kilichoandikwa.

Zamani daftari lilitiwa katika kasha la chuma. Leo kumbukumbu zimo katika kompyuta, na kufuli lake ni usimbaji: maandishi hugeuzwa kwa hesabu maalumu, yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Mwizi akiiba mashine, huambulia herufi na tarakimu zisizo maana. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kinga hiyo ina mpaka wake. Haiondoi chuki, wala haimzuii mwenye ufunguo kuutumia vibaya. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na zisizidi mahitaji. Rwanda nayo iliondoa kabila katika vitambulisho baada ya mauaji ya 1994. Lisiloandikwa halihitaji kufuli.

Masheha na watumishi wote wanaoshika madaftari ya wakaazi, Unguja na Pemba, wanakumbushwa: mwananchi asiulizwe lisilohitajika, daftari lisiachwe wazi mezani, na neno la siri la kompyuta lisiazimwe. Jina la mtu ni amana.