Kabla ya Kufyatua: Mafunzo ya Kutambua Zana za Kivita katika Mlango-Bahari wa Taiwan



Asubuhi ya tarehe 1 Julai 2016, meli ndogo ya doria ya jeshi la majini la Taiwan ilikuwa imefungwa gatini katika kituo cha Zuoying, Kaohsiung, mabaharia wake wakiwa kwenye mazoezi ya kawaida ya kukagua mitambo. Kombora aina ya Hsiung Feng III, lililoundwa kuzamisha manowari, likafyatuka kwa makosa. Liliruka kilomita zipatazo 75 kuelekea visiwa vya Penghu, upande uliko China bara, likatafuta shabaha lenyewe, na likaipata: mashua ya uvuvi ya Taiwan. Lilipenya chumba cha usukani bila kulipuka. Nahodha alikufa, wenzake watatu wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya pili, Chama cha Kikomunisti cha China kilikuwa kinaadhimisha miaka 95 tangu kuanzishwa.

Nimeanza na nahodha huyu kwa sababu mada yangu ya jioni hii huwa inaeleweka vibaya. Mtu akisikia mafunzo ya kutambua zana za adui hudhani ni somo la kumfanya askari apige upesi. Mimi nashikilia kinyume chake: ni somo la kujizuia, na thamani yake huonekana katika risasi ambazo hazikutoka. Tena hakuna mahali panapolihitaji kuliko mlango-bahari ule wenye upana wa kilomita 130 hivi mahali pembamba kabisa. Beijing inasema Taiwan ni jimbo lake. Taipei, ambayo serikali yake bado inabeba jina la Jamhuri ya China iliyohamia kisiwani mwaka 1949, inasema Beijing haijawahi kukitawala kisiwa hicho hata siku moja. Hakuna vita iliyotangazwa, wala mkataba wa amani uliotiwa saini.

Somo lenyewe hufundishwaje? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, profesa wa saikolojia wa Ohio, Samuel Renshaw, aliwafundisha wanamaji wa Marekani kwa kuwamulikia picha ya ndege ukutani kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha akiwauliza wameona nini. Hakutaka wahesabu mabawa. Alitaka umbo zima liwaingie kwa mkupuo. Walimu wa vifaru walichukua njia ya polepole zaidi. Kuruta huanza na umbo la bodi, akaja kwenye silaha, akamalizia na kichwa kinachozunguka juu, huku jicho likishuka chini kuhesabu magurudumu. T-54 ya Kirusi ina magurudumu matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili pana uwazi mkubwa kuliko kwingine. Abrams ya Marekani ina saba, na kichwa chake kimekatwa bapa. Kuna kadi za karata zilizochapwa picha za vifaru, ili hata askari anayeua muda kambini awe anajifunza.

Mwaka 1958 mtaalamu wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima jambo ambalo kila mpiga shabaha analijua mwilini mwake. Kuona kwamba pale mbele kuna kitu ni rahisi. Kujua kwamba kitu hicho ni kifaru na si lori kunahitaji picha yenye ufafanuzi mara nne zaidi. Kujua ni kifaru gani kunahitaji zaidi ya mara sita. Tatizo ni kwamba silaha za siku hizi hufika mbali zaidi ya umbali ambao jicho, au kamera ya joto, linaweza kufanya kazi hiyo ya tatu. Katika vita vya Ghuba vya 1991, Wamarekani 35 waliuawa na silaha za wenzao, karibu robo ya wote waliokufa vitani. Waingereza tisa walikufa tarehe 26 Februari ndani ya magari yao ya deraya, wakipigwa na ndege za Marekani, mshirika wao, mchana kweupe jangwani.

Sasa tuhamishe darasa hilo hadi ufukwe wa Taiwan. Kwa mtazamo wa kwanza kazi ni nyepesi, maana majeshi mawili yale yamevikwa na mafundi tofauti. Taiwan ina M60A3 za Kimarekani na CM11, kifaru cha mseto chenye bodi ya M60 na kichwa cha M48, ambacho bila shaka kimewahi kumtoa jasho kuruta wa nchi nyingine aliyekariri kitabu. Mwaka 2019 iliagiza Abrams 108, na 38 za kwanza ziliwasili Desemba 2024, zikapelekwa Hukou, kwenye chuo cha vifaru. China nayo ilianza na Type 59, ndugu wa T-54, na leo ina Type 96 na Type 99.

Lakini vifaru hivyo vizito si wageni wa kwanza wanaotarajiwa. Jeshi la China limejenga familia ya magari ya minyororo yanayoogelea, Type 05, mengine yakiwa na mzinga wa milimita 105 na mengine wa milimita 30. Taiwan nayo ina AAV7 za kuogelea. Gari likiwa majini, bodi imezama, magurudumu hayaonekani, na kanuni ya bodi, silaha na kichwa imebaki nusu. Kijana aliye kwenye handaki anaona povu, bati la mbele lililoinuliwa kukata maji, na kichwa kinachoyumba. Atafute basi: AAV7 ina kichwa kidogo kilichokaa upande wa kulia. Mimi ningetenga saa nyingi za mafunzo kwa picha za namna hii, zilizopigwa usawa wa bahari na kwenye mvua, kuliko picha nzuri za gwaride ambazo majeshi yote hupenda kuzitumia.

Na kijana mwenyewe ni nani? Sisi Watanzania tunaojua Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria tutamwelewa upesi. Hadi mwisho wa 2023 vijana wa kiume wa Taiwan walitumikia miezi minne tu. Kuanzia Januari 2024, waliozaliwa 2005 na kuendelea hutumikia mwaka mmoja. Miezi minne inamtosha mtu kujifunza kulenga. Kujifunza kutolenga kunachukua muda mrefu zaidi, na kwa sababu hiyo naona nyongeza ile ilikuwa sahihi, ingawa ilipitishwa kwa hoja nyingine.

Raia nao wameingizwa darasani. Toleo la 2023 la kijitabu cha ulinzi wa raia cha wizara ya ulinzi ya Taiwan lilieleza namna ya kutofautisha askari wa pande mbili kwa sare na alama zao. Hapa mgogoro wa mamlaka unaonekana waziwazi kuliko katika hotuba yoyote. Sura zinafanana na lugha ya Kichina inasikika pande zote mbili, kwa hiyo kinachobaki ni nyota, bendera na madoa ya kombati. Mwaka 1949, katika mapigano ya Guningtou kisiwani Kinmen, hali ilikuwa hivyo pia, ila watetezi wa Jamhuri ya China walikuwa na vifaru vidogo vya M5A1 na Wakomunisti waliotua usiku hawakuwa na kifaru hata kimoja. Kimoja cha watetezi kilikuwa kimekwama ufukweni tangu mazoezi ya siku iliyotangulia, na kikawa cha kwanza kuzifyatulia mashua zilizokuwa zinatua.

Niruhusuni niingie nyumbani kidogo, maana tumo humu zaidi ya tunavyodhani. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipoikabidhi Beijing kiti cha China, Tanzania ilikuwa miongoni mwa wadhamini wa azimio hilo namba 2758, na balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim. Azimio halikuitaja Taiwan kwa jina, na pande mbili zinabishana juu ya ukimya huo hadi leo. Vifaru vya Type 59 vilikuja kwetu kutoka China, na katika vita vya Kagera vikakabiliana na T-55 za Idi Amin wa Uganda. Binamu hao wana magurudumu matano kila mmoja na uwazi uleule. Mzee yeyote aliyepigana vita vile atawaambia maana ya kusubiri sekunde moja zaidi.

Narudi kwenye bahari, kwa kuwa hofu yangu kubwa haiko kwenye vifaru. Juni 2024 boti ya kasi kutoka China, ikiendeshwa na aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, iliingia hadi mto Tamsui karibu na Taipei. Walinzi wa pwani waliiona kwenye rada. Wakaidhania ni mashua ya uvuvi inayorudi nyumbani. Linganisha na 2016: safari ile mvuvi alichukuliwa kuwa manowari, safari hii mgeni akachukuliwa kuwa mvuvi. Na China imekuwa ikifanya luteka ikitumia feri za kiraia zinazobeba magari. Umbo la feri ni la feri, iwe tumboni ina malori ya matunda au Type 05. Kadi za karata hazisaidii hapo, wala Renshaw na picha zake.

Linalosaidia ni kuuliza. Kwenye njia panda ya namna hiyo, mwenye akili hupiga simu upande wa pili. Lakini Beijing ilitangaza kusitisha mawasiliano rasmi na Taipei tarehe 25 Juni 2016, siku sita kabla ya kombora la Zuoying kuruka. Mpaka simu hiyo irudi, mzigo wote wa kuamua kilichoko mbele uko mikononi mwa walio zamu kwenye rada na kwenye handaki, na baadhi ya hao wa handakini ni vijana wanaotumikia mwaka mmoja tu.